Miaka Hamsini ya Bodi ya Wahasibu, Ikitazamwa kutoka Mabatini

Ifikapo Mei na Novemba, Mwanza huwa na watu wasiopokea simu. Mke anajua, bosi anajua, hata fundi anayedai salio la milango anajua: jamaa yuko kwenye Bodi. Hakuna anayeuliza Bodi ipi. Nchi hii ina bodi nyingi, ya pamba, ya mikopo, ya filamu, lakini ukisema "nafanya Bodi" mbele ya waliosoma biashara, wanaelewa kwamba ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na wanaelewa pia kwamba huu si wakati wa kukuletea kadi ya mchango wa harusi.

Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, ikaanza kazi Januari 1973, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha. Imeshavuka nusu karne. Historia yake husimuliwa kutoka Dar es Salaam, kwa maana ndiko sheria ilikopitishwa na ndiko ofisi zilikofunguliwa. Mimi naisimulia kutoka Mabatini, kata ya Nyamagana ambako Barabara ya Nyerere inatoka mjini kwenda Nyakato na kuendelea Musoma, nyumba zimepanda mlimani kati ya mawe, na Mto Mirongo ukijaa unaingia kwenye maduka bila hodi. Sababu yangu ni moja. Kanda ya Ziwa ilijua haja ya mtu wa hesabu anayeaminika miaka 20 kabla ya sheria hiyo kuandikwa, na ilijifunza kwa hasara.

Tuanze na mizani ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Usukumani alikuwa akibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi. Mwenye mizani ni mnunuzi, anayesoma uzito ni mnunuzi, anayeandika daftarini ni karani wa mnunuzi, na anayetoa pesa ni yule yule. Mkulima asiyejua kusoma alipewa alichopewa. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa ya miaka mingi, na moja ya madai ya awali ya wakulima, kabla hata ya kuota kuwa na kinu chao cha kuchambua pamba, lilikuwa kuwepo mpimaji wa kujitegemea kwenye mizani, mtu asiyelipwa mshahara na mnunuzi. Waliosomea ukaguzi wataona mara moja wakulima wale walikuwa wakidai nini. Vitabu vya taaluma vinakiita kutenganisha majukumu: anayeshika mali asiwe ndiye anayeandika, na anayeandika asiwe ndiye anayejikagua.

Aliyeyakusanya madai hayo na kuyafanya chama alikuwa Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Mwaka 1952 likaundwa Shirikisho la Wakulima la Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955, Bomani akiwa amerudi kutoka kusomea mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza, ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa herufi VFCU, Victoria Federation. Ulikua kwa kasi ya kutisha. Ndani ya miaka michache vyama vya msingi vilikuwa mamia, ununuzi wa pamba ukawa mikononi mwa wakulima wenyewe, na VFCU ikawa inatajwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima. Bomani akaenda serikalini, na baadaye akawa Waziri wa Fedha.

Pamba ilikua, vinu vikaongezeka, lakini watunza vitabu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Chama cha msingi chenye wanachama mia kadhaa kilikuwa na katibu mwenye elimu ya madarasa machache, anayeandika uzito, bei, makato na malipo ya msimu mzima, kisha anatakiwa akabidhi hesabu kwa chama kikuu. Palipokuwa na karani mmoja mwongo palikuwa na kumi wasiojua tu. Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalumu ya Uchunguzi wa vyama vya ushirika na bodi za mazao, na miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni wanachama kutojua haki na wajibu wao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, na siasa kuingilia uendeshaji. Baada ya hapo VFCU ikawekwa chini ya uangalizi, ikapangwa upya, na jina lililobaki vinywani mwa watu wa Mwanza likawa Nyanza. Mkulima aliyemshinda mnunuzi kwenye mizani alikuja kupotezewa pesa zake daftarini, tena na chama chake mwenyewe.

Wakati Ziwa likiugulia hilo, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifanya tatizo la Nyanza kuwa tatizo la nchi nzima. Mabenki, bima, viwanda na makampuni ya biashara ya nje yakawa mali ya umma. Mwenye mali mpya alikuwa mwananchi, na mwananchi hana ofisi ya kukaa na kupitia vocha. Nani angemwambia kwamba faida iliyotangazwa ni ya kweli? Wahasibu waliohitimu walikuwa wachache na wengi wao wageni. Cheti chenye hadhi kilitoka Uingereza, na mtahiniwa alikariri sheria za kodi za huko hata kama maisha yake yote angefanya kazi Shinyanga. Serikali ikaanzisha Shirika la Ukaguzi wa Hesabu, TAC, mwaka 1968 ili likague mashirika ya umma. Mwaka 1972 kikaundwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Bodi. Ukivipanga hivyo vitatu kwa tarehe unaona mpango: kwanza nani akague, kisha nani afundishe, kisha nani aseme huyu anafaa na yule hafai.

Tulitangulia majirani. Wakenya walipata chama chao cha wahasibu, ICPAK, kwa sheria ya mwaka 1977, Waganda wakapata ICPAU kwa sheria ya 1992. Lakini kutangulia kwetu kulikuwa na umbo lake. Wahasibu wa Edinburgh, walioanza mambo haya kwa kupata hati ya Malkia mwaka 1854, walijikusanya wenyewe ndipo wakaomba kutambuliwa. Hapa ni Serikali iliyoamua, ikaunda chombo, na ikateua wa kukiongoza. Mpaka leo Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha na wajumbe wake huteuliwa. Kule Nairobi wanachama huchagua baraza lao. Wapo wanaoona hilo ni doa. Kwangu si doa wala si sifa, ni chimbuko. Bodi yetu haikuzaliwa kulinda masilahi ya wahasibu. Kazi hiyo wahasibu waliitafutia chama chao cha hiari, TAA, mwaka 1983. Bodi ilizaliwa kulinda pesa za mtu ambaye si mhasibu, na ipimwe kwa hilo.

Mitihani ilianza mwaka 1975. Watu huiona Bodi kama baraza la mitihani tu, na ukiwa mtahiniwa aliyerudia karatasi moja mara ya tatu huna sababu ya kuiona vinginevyo. Ngazi zimebadilishwa majina na mitaala mara kadhaa, lakini mifupa ni ile ile: ngazi za ufundi kwa wanaotoka kidato na vyeti, kisha msingi, kati, na ya mwisho. Katika mtaala wa karibuni ngazi ya mwisho ina karatasi nne, za uandaaji wa taarifa za makampuni, ukaguzi, fedha za biashara, na kodi. Wengi hukwama hapo. Mtu ana shahada, ana kazi, ana watoto wawili, na kila Jumamosi anakwenda rivyuu na fotokopi za mitihani ya nyuma zilizochakaa pembeni. Matokeo yakitoka, simu za pongezi na za pole zinapigwa usiku mmoja.

Kufaulu hakutoshi. Kabla ya kusajiliwa kuwa mhasibu kamili mwenye herufi CPA(T), mtu anatakiwa aonyeshe uzoefu wa kazi wa miaka 3. Na hata huyo haruhusiwi kufungua ofisi na kuanza kukagua makampuni; anayekagua kwa kujitegemea ana usajili wake wa pekee na leseni yake. Rejista ya Bodi kwa hiyo ina ngazi: fundi wa uhasibu, mhitimu, mhasibu aliyeidhinishwa, na mhasibu aliyeidhinishwa kutoa huduma kwa umma. Muuza duka wa Mabatini haoni tofauti zake, wote kwake ni "mhasibu". Kisheria tofauti ni kubwa, na huyo wa mwisho pekee ndiye ambaye sahihi yake inaweza kuipa hesabu ya kampuni uzito mbele ya benki na mamlaka ya kodi.

Elimu yenyewe haikuwa mbali na Ziwa. Kule Nyegezi, mapadri walifungua taasisi ya mafunzo ya jamii mwaka 1960, na uhasibu ulikuwa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 1998 mahali hapo pakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Leo IFM, Taasisi ya Uhasibu (TIA) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) vyote vina kampasi upande wa Mwanza. Kijana wa Misungwi au Sengerema anaweza kutoka sifuri mpaka CPA bila kupanda basi la Dar es Salaam. Mzee aliyesomea uhasibu miaka ya sabini akisikia hivyo anacheka, maana wakati wake safari ya masomo ilianza kwenye behewa la treni.

Miaka ya sabini na themanini siielezi kwa urefu, kwa sababu haikuwa miaka mizuri kwa vitabu vya hesabu. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, Nyanza kikiwemo, na mazao yakaenda kwa mamlaka za Serikali. Mashirika mengi ya umma yalichelewa kufunga hesabu, mengine kwa miaka, na mkaguzi akifika anakuta mafaili yamefungwa kwa kamba na aliyeyaandika amehamishiwa Lindi. Bodi ilikuwa na sheria na ilikuwa na mitihani. Isichokuwa nacho ni watu wa kutosha wa kujaza viti. Ushirika uliporudishwa kwa sheria ya 1982, safari hii hawakuuacha mtupu: mwaka huo huo likaundwa shirika la ukaguzi na usimamizi wa vyama vya ushirika, COASCO. Nyanza kikazaliwa upya mwaka 1984. Hata hivyo madeni na ugomvi wa mali za Nyanza viliendelea kuzungumzwa mjini Mwanza mpaka miaka ya karibuni, jambo linaloonyesha kwamba kuwa na mkaguzi na kumsikiliza mkaguzi ni mambo mawili.

Mageuzi ya uchumi yakabadilisha mteja. Mashirika yalibinafsishwa, TAC ikapoteza ukiritimba wake, kampuni binafsi za ukaguzi zikaongezeka. Sheria ya Bodi ilirekebishwa mwaka 1995. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi Julai 1996, VAT ikafuata Julai 1998, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ikataka ritani ya kampuni iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu aliyeidhinishwa. Kwa Mwanza, wakati huo ndio viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikiuza Ulaya, na mnunuzi wa Ulaya, benki ya Dar es Salaam na ofisa wa kodi wote walitaka kuona karatasi moja yenye sahihi inayoaminika. Mwaka 2004 Bodi iliachana na viwango vya kitaifa ilivyokuwa ikivitunga yenyewe, ikapokea viwango vya kimataifa vya uandaaji wa taarifa za fedha. Halmashauri na wizara nazo zilianza mwaka 2012 safari ya kuandika deni siku linapozaliwa badala ya siku linapolipwa. Hilo linaonekana jambo dogo mpaka ukumbuke ni wazabuni wangapi waliokuwa wakiidai halmashauri bila deni lao kuonekana kwenye kitabu chochote. Mwaka 2011 mabaraza ya wahasibu ya Afrika Mashariki yalitia saini makubaliano ya kutambuliana, hivyo CPA wa Mwanza ana mlango wa kufanya kazi Kisumu au Kampala, ingawa kila nchi bado ina taratibu zake za kupita.

Kuna jambo moja ambalo nusu karne ya Bodi haijalifikisha kwa wananchi, na hapa nitakaa kidogo. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG, ikitoka, madiwani hukaa vikao kushangilia hati safi. Wengine huandika mabango. Tangu enzi za Ludovick Utouh, halafu Profesa Mussa Assad, na sasa Charles Kichere, neno hilo limeingia mitaani kiasi kwamba mwananchi wa kawaida anaamini hati safi maana yake hakuna aliyeiba. Si hivyo. Kwa lugha ya wenyewe ni hati inayoridhisha, na inachosema ni kwamba taarifa za fedha zilizoandaliwa zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo ya msingi, hali ya fedha ya taasisi kwa kufuata viwango. Halmashauri inaweza kujenga kalavati bovu kwa bei ya juu, ikaandika matumizi hayo vizuri, kwa vocha kamili na sahihi zote, na ikapata hati inayoridhisha. Ubovu wa kalavati utaonekana kwenye kurasa nyingine za ripoti, zile ambazo hazitangazwi kwenye bango. Watu wa Mabatini, ambao kila masika hutazama maji ya Mirongo yakipita juu ya kazi za watu, wangeona faida ya kujua tofauti hiyo.

CAG ana sheria yake na haingiliwi. Lakini kutunza maana ya maneno ya taaluma, na kuyaeleza kwa asiye mtaalamu, ni kazi ya nani kama si ya Bodi? Kila mwaka Bodi hutoa tuzo kwa taasisi zilizoandaa vizuri taarifa zao za fedha, sherehe inafanyika, picha zinapigwa, vikombe vinabebwa. Sina ubaya nazo. Ila taarifa hizo zinazoshinda huandikwa Kiingereza, zina kurasa mia na zaidi, na mwenye mali, yule mwananchi wa mwaka 1967, hazisomi. Nusu karne inatosha kudai muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili uwe moja ya vigezo vya kushinda.

Nenda sasa kwenye kikoba, maana huko ndiko pesa za Mabatini ziliko. Kina mama wanaochukua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwauza rejareja, mafundi, walimu, wauza mitumba, wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa mtu. Katikati pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Kabla ya kufunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Wanachama wanajibu kwa sauti, kwa kukumbuka. Ndipo pesa inahesabiwa mbele ya wote. Anayenunua hisa anagongewa mihuri kwenye kitabu chake, na nafasi zilizobaki zinachorwa mstari ili mtu asije kuongeza muhuri gizani. Hakuna CPA pale. Lakini mhasibu yeyote aliyesajiliwa akikaa pembeni atatambua kila kitu: mali kulindwa na wengi, salio la kuanzia kuthibitishwa, daftari kufungwa ili lisichezewe. Ni jibu la yale yale yaliyowaumiza wakulima kwenye mizani ya pamba.

Udhaifu unakuja kikoba kinapokua. Pesa zinahamia benki na kwenye simu, daftari linabaki kwa katibu mmoja, wanachama wanaacha kujibu kwa sauti kwa sababu salio sasa lina tarakimu nyingi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri chini ya mamlaka ya Benki Kuu, na SACCOS daraja la tatu. Usajili ni hatua nzuri. Hauleti mtu wa kupitia vitabu, na kikundi cha watu 30 hakiwezi kulipa ada ya kampuni ya ukaguzi. Ndiyo VFCU ya mwaka 1966 kwa udogo: uaminifu umekua kuliko wino.

Bodi inao watu wa kuziba pengo hili. Wanachama wake wanatakiwa kila mwaka kutimiza saa za kujiendeleza kitaaluma, na wengi huzitimiza kwenye kumbi za mikutano kwa ada isiyo ndogo. Bodi ingeweza kukubali sehemu ya saa hizo zitimizwe uani Mabatini, Igoma au Buswelu, mhasibu mmoja kwa vikoba vichache, akipitia daftari bure mara mbili kwa mwaka na kuwasomea wanachama alichokikuta. Vijana wanaosubiri kukamilisha miaka 3 ya uzoefu nao wangeingia humo, wakisimamiwa. Sheria haina haja ya kubadilishwa sana kwa hilo; inahitajika kanuni moja na utashi.

Wewe msomaji mwenye hisa kwenye SACCOS, AMCOS, au kampuni ya ndugu watatu, huna haja ya kusubiri Bodi ikufuate. Mtu akikuletea hesabu zilizogongwa muhuri wa mkaguzi, muulize jina la kampuni na namba ya usajili, kisha ulitafute jina hilo kwenye orodha ya Bodi, ambayo ni ya wazi. Kujiita mkaguzi bila kusajiliwa ni kosa la jinai tangu sheria ile ya 1972. Na mkutano mkuu ukifika kwenye ajenda ya hesabu, usikubali isomwe mbio mbio kwa sababu chakula kiko tayari. Nyoosha mkono, uliza salio la mwaka jana lilikuwa shilingi ngapi, na usikae mpaka ujibiwe.